Mimi Ndiye Marehemu wa Wimbo Ule

Siku ya kwanza kuona barafu nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa vitu vyepesi. Nyanya alikuwa na jino lililomtesa tangu mavuno. Alilitia karafuu, akalitia tumbaku, akaliombea kanisani, likakataa. Ndipo tukashuka na garimoshi la Taveta kutoka Bura mpaka Voi, yeye na mimi na jogoo mmoja wa kumpa mng'oaji, kama mng'oaji angekuwa mtu wa kukubali jogoo. Alikubali. Tulipotoka pale shavu la Nyanya lilikuwa limevimba kama ameficha kiazi, tukaenda kukaa kivulini nyuma ya hoteli iliyokuwa karibu na stesheni, maana jua la Voi si la kuchezea, sisi watu wa mlimani hulionea aibu. Mpishi akatoka kumwaga maji ya mchele, akamwona anavyougulia, akarudi ndani akaja na kijiwe cheupe kinachofuka. "Weka hapo shavuni, bibi." Nyanya akaweka, akapiga yowe, "Kinaniunguza!" halafu akanyamaza, halafu akafumba macho akasema, "Ah. Kiache." Kilichobaki alikifunga kwenye pembe ya leso, mafundo mawili, akakipakata njia nzima ili akamwonyeshe Babu. Tulipofika nyumbani akaita watu, akafungua fundo mbele yao. Leso mbichi, basi. Babu akaitazama, akaigusa kwa kidole, akasema, "Maji nayajua. Nionyeshe hilo jiwe." Nyanya alikasirika hata hakumpikia jioni ile, na mimi nilipoulizwa kama kweli nilikuwa nimeliona jiwe la baridi, nikasema nililiona, nikaambiwa tumekubaliana uongo njiani.

Hivyo ndivyo nilivyoijua hoteli ile, kwa mlango wa nyuma. Na ni kwa mlango huo huo wa nyuma nilikuja kuingia nikiwa msichana mkubwa, kufanya kazi ya kufua na kupiga pasi. Huyo mpishi wa barafu alikuwa ameshakufa wakati huo, sikupata kumshukuru. Mambo ya baba na mama na shule nitayaruka, hayana ladha. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nusu. Nataka kusema mwaka mmoja tu, mwaka wa hotelini, na nisingeusema kama si redio. Mwezi uliopita nilikuwa nje natoa kunde kwenye maganda, redio iko dirishani kama kawaida, wakapiga ule wimbo wa kinanda ambao kila mtu anaujua, ule unaopigwa kwenye matanga kutoka Taveta mpaka huko bara, *mlimani nimemwacha, kalala haamki tena*. Ulipoisha mtangazaji akasema, kwa sauti ile ya kushusha, kwamba mtunzi wake, mzee Wafula, amefariki kwao upande wa magharibi, na kwamba wimbo ule aliutunga kwa ajili ya mchumba wake wa Kitaita aliyeumwa na nyoka akafa wiki moja kabla ya arusi. Akasema msikilizaji, hebu tumkumbuke na binti huyo pia, Mungu amlaze mahali pema. Mimi nina maganda mapajani. Mjukuu wangu akasema "Amina" akiwa ndani, kwa mazoea tu. Nikajisikia nacheka, halafu nikaona kicheko kinageuka, nikaingia ndani nikajifanya natafuta ungo. Sikuumwa na nyoka yeyote. Nilikaa nikazaa watoto watano, nikazika mume, nikazeeka, na miaka yote hiyo nikihudhuria mazishi ya watu wengine nasikia nikililiwa mimi. Mara nyingine nililia na wenzangu, kwa sababu wimbo ni mzuri, na maiti si mimi tu.

Chumba cha pasi kilikuwa na mabati juu na ukuta mmoja wa mbao. Upande wa pili wa ukuta ule ndio ukumbi wa kulia, wenye mapazia mazito rangi ya damu ya mzee, meza za vitambaa, vichwa vya wanyama ukutani vikiwa vimeliwa na wadudu mpaka swala mmoja akawa hana sikio, na kwenye kona, kinanda. Piano. Wazungu wa zamani waliiacha kwa sababu haikubebeka. Mguu mmoja ulikuwa umetafunwa na mchwa ukawekewa matofali, na katikati ya vibao vyake kulikuwa na kimoja kilichokufa. Ukikibonyeza kinajibu *tk*, kama mtu aliyekataa kusema. Hakuna aliyekuwa na habari ya kukitengeneza. Wafula alipoletwa kupiga jioni za wikendi, kuwafurahisha wageni wa mbugani na wakubwa wa reli wanaolala, alikizoea kibao kile kama mtu anavyozoea ngazi yenye kidato kibovu. Alikuwa akifika pale vidole vinasimama, vinavuka, vinaendelea. Leo kwaya zikifika mahali hapo kwenye wimbo zinanyamaza kidogo, watu wanainamisha vichwa. Ndipo moyo wake ulipovunjika, wanasema. Mimi huinamisha pia. Pengine hata yeye, alipokwisha kupata piano nzima mahali pengine, aliendelea kuruka pale pale, na kama aliendelea kuruka akiwa halazimiki, basi huenda wanaosema hivyo wana haki yao.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili. Mamake alikuja kutoka magharibi kukata mkonge, akamlea peke yake kwenye laini za shamba, vyumba vile vya mabati vinavyofuatana kama mabehewa. Kinanda alijifunzia kwenye kanisa la shambani, kile cha kukanyaga kwa miguu, mchungaji akimpiga rula kwenye vifundo akikosea. Sasa kuna jambo lazima niliseme mapema, kwa sababu ndilo lililotuua. Baba yake hakujulikana. Siku mamake alipokwenda kumwandikisha, karani wa shamba akamuuliza, "Baba wa mtoto?" na yule mama, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, akanyoosha kidole kwenye garimoshi lililokuwa linapita akasema, "Baba yake ndiye huyo, mkimbilie umuulize jina." Karani akacheka mpaka akatoka nje kuwahadithia wenzake. Mama aliona amemkomesha karani. Lakini maneno yale yalibaki kwa mtoto. Alikua akiitwa Mwana wa Reli, Bin Stima, na mengine ambayo sitayaandika kwenye kitabu kinachoweza kusomwa na padri wangu.

Sisi wafanyakazi tulikula nyuma ya jikoni, kwenye mabenchi mawili, ugali na sukuma na mchuzi wa mifupa, na Jumapili mabaki ya pudini ya wageni. Mkuu wa jikoni alikuwa Mzee Kombo, mtu wa pwani, kofia safi, Kiswahili chake kilitunyamazisha. Mwaka ule mvua za vuli zilikataa na sukuma ilikuwa inakuja imekauka kama karatasi, kwa hiyo watu walikuwa na hasira za karibu. Siku moja Mutua, aliyekuwa akihudumu mezani, akanyoosha mkono.

"Mwana wa Reli, nipitishie mwiko."

Wafula akaweka tonge chini. "Rudia."

"Nimesema nipitishie mwiko."

"Hilo nimelisikia. Rudia la mbele."

"Wee, kwani ni uongo? Si ni mamako alisema?"

Sijui nani alianza. Nilichoona ni benchi limeanguka na sisi sote tuliokuwa juu yake. Mzee Kombo akatoka na upawa. "Nyinyi! Uwanja wa mpira u pale, wendeni mkauane huko, msinimwagie mchuzi wangu! Nawe Mutua, ulimi wako huo utakuja kutafuta nauli urudi nao kwenu Kitui. Nawe Wafula mwanangu, mkono ule ndio ridhiki yako, wampigia mtu taya ya mfupa?" Kifundo kilikuwa kimepasuka. Nilikifunga mimi, kwa kitambaa cha meza kilichoungua, kwenye chumba cha pasi, na hiyo ndiyo mara yetu ya kwanza kukaa wawili. Nikamwambia aache kupigana, maneno hayana meno. Akasema, "Wewe ukiulizwa baba yako nani, unajibu hata kabla hujafikiri. Mimi nikiulizwa hilo, Wakesho, nasikia watu wanacheka kabla hawajacheka." Akasema mahali popote akiulizwa hilo ana mambo mawili tu, kupiga au kuondoka, na kwa wazee hawezi kupiga.

Basi tukawa tunazungumza kupitia ukuta. Asubuhi hakuna wageni ukumbini, yeye anajifunza, mimi napiga mashuka. Pasi ya makaa ni nzito, ina mwendo wake, unasukuma, unarudisha, unanyanyua, unapuliza. Aliusikia mwendo ule kwenye mbao akaanza kuupigia. Akiharakisha nagonga ukuta kwa kiwiko.

"Nini?"

"Umenikimbiza. Umeniunguzia kola ya mtu."

"Mwambie alie. Hebu sikiliza hii."

Akapunguza. Hivyo ndivyo wimbo ule ulivyozaliwa, tuache habari ya nyoka. Ulikuwa wimbo wa kupigia pasi, mchangamfu, hauna neno hata moja, na ukiupiga jinsi alivyoupiga mwanzoni mtu anatikisa mabega. Mzee Kombo alikuwa akipita na sufuria anacheza kidogo akidhani hatumwoni. Tuliuita Wa Mashuka. Wafula aliniambia siku ya arusi yetu ataupiga ukumbini, mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni, na Mutua aniletee chai. Nilicheka sana. Nilikuwa nimekwisha kuona picha ya siku hiyo, hata kikombe nilikuwa nimekichagua, kile chenye ukingo wa buluu.

Miaka mingi baadaye, nimeolewa Mwatate, nina watoto, mume wangu alinunua redio, na moja ya nyimbo za kwanza kutoka kwenye redio ile ikawa hiyo. Sikuitambua mwanzoni. Ilikuwa imepunguzwa mpaka ikawa mwendo wa watu wanaobeba jeneza, na imetiwa maneno. Nilikuwa nimeshika mwiko. Vidole viliporuka pale, nikajua. Mume wangu akasema, "Sikiliza huyu anavyompenda mkewe," akaongeza sauti. Aliupenda wimbo ule mpaka akafa, akaomba upigwe siku ya mazishi yake, na ukapigwa. Alikuwa mtu mwema, hakuna usiku aliolala amekasirika. Nilisimama kando ya kaburi lake nikisikiliza mwanamume mwingine ananililia, na sikujua machozi nimpe nani. Watu walinishika mikono wakasema, jikaze mama.

Narudi kwenye mwaka wangu. Ili nieleweke lazima niseme habari ya kutasa, maana vijana wa leo hata wa Kidawida, sisi mnaotuita Wataita, hawaijui vizuri. Kwetu tulisadiki kwamba hasira ya mkubwa ikikaa moyoni, hata kama hasemi, inakufuata. Inaingia kwenye ng'ombe, kwenye mahindi, kwenye tumbo la mwanamke. Dawa yake ni yeye mwenyewe kuitoa. Mzee anachukua funda la mbangara, pombe ya miwa, anaipuliza nje kama manyunyu, anasema kwamba hana kinyongo na fulani mwana wa fulani, aende akastawi. Anapuliza tena. Yale maji yakitoka, hasira imetoka nayo. Na jina la baba ni lazima, kwa sababu baraka, walisema, haiendi kwa mtu tu, inaenda kwa mlango wake. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, tulikuwa tukienda misheni Bura kila Jumapili. Ila tukitoka misa tulijua pia hilo lingine. Dada yangu mkubwa alitoroka akaolewa Maungu bila kutasiwa, na watoto wake wawili wa kwanza hawakuishi. Leo daktari angenipa sababu nyingine. Wakati ule hakuna aliyehitaji sababu nyingine, mimi wa kwanza.

Na Baba Mkubwa, aliyekuwa mahali pa baba, alikuwa na haki ya kunikasirikia. Alikuwa amenipatia mwenye duka wa Mwatate, mtu mzima, ana mizani na mabati, nikamkataa mbele ya watu. Kwa hiyo aliposikia nina mtu Voi, mpiga kinanda, kijana wa mkonge, na akatuma neno kwamba nimlete, tumle kuku, atatutasia, nililia kwa furaha juu ya mashuka ya watu. Sikutegemea. Kilichobaki ni lile jambo la jina. Nikapanda mlimani mapema nikamwambia Shangazi, dada yake Baba Mkubwa, maana neno kama lile haliendi kwa mzee moja kwa moja, linapita kwa shangazi. Nikamweleza yote, karani na garimoshi na ngumi. Nikasema, "Shangazi, naomba Baba Mkubwa amtaje kwa jina la mamake, Wafula mwana wa Nekesa. Asimuulize baba. Akimuuliza, ataondoka."

Shangazi akaendelea kuchambua maharagwe. "Nimesikia."

"Utamwambia?"

"Mwanangu, nimesema nimesikia. Wewe nenda ukapige pasi zako."

Alikuja kuniambia baadaye sana, akiwa kwenye kitanda chake cha mwisho, kwa nini hakusema. Alihofia kwamba mzee akijua mapema atabadili moyo, aseme huyu hana mlango, baraka niipeleke wapi. Akaona afadhali Baba Mkubwa ale kwanza, anywe kwanza, ampende kijana kwanza, kisha Shangazi amnong'oneze jina wakati ule ule funda liko mdomoni, hawezi tena kubisha. Ilikuwa hila nzuri. Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nikifikiria, sioni njia bora kuliko hiyo, ila tu hila ya namna hiyo inataka mtu asiyetumwa jikoni.

Tulipanda Jumapili, Wafula na mimi, baada ya misa. Alivaa shati jeupe na suruali iliyokuwa na mkunjo ambao ungeweza kukata kabichi, nami ndiye niliyeupiga pasi mkunjo ule. Njiani alikuwa akiuliza majina ya vilima, nikimtajia anayarudia. Kwetu walikuwa wametandika jamvi, kuna kimanga, kile cha maharagwe na viazi na muhogo kilichopondwa, kuna jogoo, kuna binamu zangu wamejaa mlangoni kumtazama vidole. Baba Mkubwa akampenda. Hilo lazima niliseme. Alimshika mkono akaugeuza, akautazama kama mtu anayenunua jembe. "Na mkono mkubwa hivi unauchezesha tu?"

"Nauchezesha na unanilisha, mzee."

"Haya. Hata mbuzi huchezacheza, na nyama yake tamu." Watu wakacheka, Wafula akacheka. Akala kimanga akaomba tena, na kwetu mgeni akiomba tena kimanga amemaliza nusu ya mahari. Nilimwona mabega yake yakishuka. Aliniangalia mara moja tu, kwa siri, jicho la mtu ambaye anaanza kuamini.

Tukakalishwa wawili, mbele ya Baba Mkubwa, mikono magotini. Anayetasiwa hasimami mpaka maji yatoke, ukisimama umeivunja baraka. Hilo nalo nilikuwa nimemfundisha njiani, pamoja na kwamba mzee akipuliza asifute uso. Binamu mmoja akamletea mzee kibuyu. Wakati huo huo mtoto akalia jikoni, chungu kimemwagika, wakaita, "Shangazi! Njoo!" na Shangazi akainuka akaenda. Nilimwona anakwenda. Nilidhani amekwisha kusema siku nyingi. Baba Mkubwa akachukua funda kubwa, mashavu yakajaa, akafumba macho. Akakaa hivyo. Kisha akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, na akameza. Koo lilipanda likashuka, tukalisikia.

Binamu zangu wakaangua kicheko. "Mzee amekunywa baraka!" mmoja akasema kwa Kidawida, na mwingine, "Mwongezee, labda nyingine itatoka!" Hata Baba Mkubwa alikuwa anacheka, anajifuta ndevu. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake, ninaapa. Ni mzee amesahau jina, na hawezi kuuliza mdomo umejaa. Lakini Wafula hakujua Kidawida. Alichojua ni kwamba mzee amemeza, na mimi ndiye niliyemwambia njiani kwamba hasira hutoka na yale maji. Na sasa maji yamerudi ndani na nyumba nzima inacheka. Kicheko kikiwa bado kimo chumbani, Baba Mkubwa akamwinamia, kwa upole kabisa, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha mlimani:

"Nisamehe mwanangu, nimekosa jina. Wewe Wafula, wewe ni mwana ya nani?"

Nilifungua mdomo niseme Nekesa. Nilifungua, na Wafula akageuka akanitazama, na uso ule sijaweza kuuweka mahali popote mpaka leo. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayenijua, halafu akaona amenifananisha. Alidhani nimewaambia ili wacheke. Akaondoa mikono magotini, akasimama, akasema, "Asanteni kwa chakula," akainamisha kichwa kwa Baba Mkubwa kwa heshima, akapita katikati ya binamu zangu, nao wakampisha. Mlangoni akavaa viatu. Alifunga kamba zote mbili, hakuharakisha.

"Ameenda wapi?" Baba Mkubwa akauliza. "Ameenda choo?"

"Labda ni mbangara," binamu akasema. "Watu wa bara hawaiwezi."

Nikajiinua kidogo. Shangazi alikuwa amerudi, mikono ina majivu, akaona nafasi ya Wafula iko wazi akaelewa yote kwa mara moja, akanishika bega akanikandamiza chini. "Kaa," akaninong'oneza. "Ukisimama na wewe, imekwisha kabisa. Atarudi. Mwanamume haachi safari hii yote kwa neno moja. Kaa." Nikakaa. Nikamfikiria dada yangu na vile vikaburi viwili vya Maungu, nikakaza mikono magotini nikakaa. Shangazi akamwinamia Baba Mkubwa akamwambia sikioni jina, mwana wa Nekesa, na mzee akasema, "Ah! Si mngeniambia mapema? Jina zuri hilo." Akachukua kibuyu, akajaza funda upya, ili kijana akirudi asingoje. Akakaa vile, mashavu yamevimba, hawezi kusema, macho yako mlangoni, ananiashiria kwa mkono kwamba nisiwe na wasiwasi.

Mahali nilipokuwa nimekaa niliweza kuona njia. Wafula alipita kwenye miwa yetu, akapita zizi la jirani. Jirani alikuwa akikata nyasi, akamsalimia, naye akasimama akaitikia vizuri, nikaona anaonyeshwa mkato wa kushukia barabarani, akashukuru. Akaendelea kushuka, mikono yake mikubwa ikining'inia, hakugeuka, kichwa chake kikapotea nyuma ya kichaka cha mwisho, na hakurudi.